Bila Kukata: Jinsi Mbao za Kale za Msitu wa Ituri Zilivyoanza Kusomwa

Kiswahili kiliingia msitu wa Ituri kikifuata pembe za ndovu. Katika miaka ya 1880 Waungwana waliotoka pwani na Maniema walikwisha kujenga vituo vyao humu: Ugarrowa kando ya mto, Kilonga-Longa huko Ipoto, na pamoja nao watu wenye bunduki, mashamba ya mpunga na lugha ambayo wajukuu wa wenyeji wa Mambasa na Bunia wangekuja kuizungumza kama yao. Msafiri Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1887 akimwendea Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, aliwakuta tayari wamekaa, na baadhi ya watu wake waliodhoofishwa na njaa waliachwa Ipoto mikononi mwao.

Mzigo wa enzi zile ulipimwa kwa frasila za pembe. Mti haukuwa na bei. Ulikuwa kuni ya kambi, mtumbwi wa kuvukia, nguzo ya boma. Vigoda, vinu, ngoma na vinubi vya watu wa msituni na wa kaskazini yake vilibaki majumbani mwao, na waliovichonga walijua kila kimoja kimetoka kwenye mti gani, umekatwa wapi, na kwa nini haukukatwa mwingine.

Kaskazini, kwa Wamangbetu, alikuwa amefika mapema zaidi mgeni ambaye kwa elimu yake angeweza kuuliza habari hizo. Georg Schweinfurth, Mjerumani mzaliwa wa Riga, alikuwa mtaalamu wa mimea. Machi 1870 alipokewa katika ukumbi mkubwa wa Mfalme Munza, na mwaka 1875 akatoa kitabu cha michoro, Artes Africanae, chenye viti, silaha na vyombo vya muziki vilivyochorwa na mkono uliozoea kuchora majani na maua. Mti mmoja mkubwa wa misitu yetu, Canarium schweinfurthii, unabeba jina lake hadi leo. Lakini hata kwa mtu kama yeye, kuchora umbo la kitu kulikuwa kazi moja na kutaja mti wake kazi nyingine, na msafara haukai sana mahali pamoja.

Halafu zikaja zama za makumbusho. Mwaka 1909 Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, ya New York, ilimtuma Herbert Lang pamoja na kijana James Chapin kuja kutafuta okapi na wanyama wengine wa kaskazini-mashariki ya Kongo. Walipangiwa muda mfupi. Walikaa hadi 1915. Walipita Avakubi kwenye mto Ituri, Medje, Niangara na Faradje. Lang alipiga picha karibu 10,000, na pamoja na ngozi na mifupa akakusanya maelfu ya vitu vya mikono ya watu: vinubi, visu, vigoda, pembe zilizochongwa, vyombo vya asali. Vyote vilitoka msituni juu ya vichwa vya wapagazi. Katika miaka hiyohiyo, 1911 hadi 1913, Armand Hutereau alikuwa akizunguka Uele kwa niaba ya serikali ya Ubelgiji, akikusanya vitu vilivyopelekwa Tervuren karibu na Brussels, na akirekodi sauti za waimbaji kwenye mitungi ya nta.

Kati ya vitu vya Wamangbetu kuna aina moja ambayo mimi naiona ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote. Ni kijaluba cha gome: gome la mti limekunjwa likawa duara na kushonwa, chini pamewekwa kitako cha mti, juu kifuniko cha mti chenye kichwa cha binadamu, nywele zimesukwa kwenda nyuma kama walivyosuka wanawake wa tabaka la juu wa wakati ule. Watu walihifadhi humo vitu vyao vya thamani. Kitu kimoja, basi, kimebeba miti miwili au mitatu tofauti, na aliyekitengeneza alikuwa na sababu kwa kila mmoja. Gome lazima likunjike bila kupasuka. Kifuniko lazima kichongeke vizuri puani na machoni, na kikishakauka kisijikunje hata kikakataa kufunga. Maarifa hayo yote yalikuwa kichwani mwa fundi aliyekuwa hai, aliyekaa hatua chache kutoka kwa mkusanyaji mwenye daftari.

Orodha za makumbusho za zama zile huandika mahali, kabila, jina la kitu, mara nyingine jina la aliyekitoa. Kwenye safu ya malighafi, kwa vitu vingi mno, kuna neno moja tu: mbao. Msitu wenye mamia ya aina za miti umefupishwa hivyo. Jambo hilo linaniuma kuliko hata kuondoka kwa vitu vyenyewe, kwa sababu kitu kilichoondoka chaweza kurudi, lakini fundi wa Medje wa mwaka 1910 hatarudi kujibu swali ambalo hakuulizwa.

Ubelgiji wenyewe haukukosa hamu ya kuijua miti ya Kongo. Ulikuwa nayo tele, ila kwa sababu nyingine. Mwaka 1897 Leopold wa Pili alifanya maonyesho ya koloni huko Tervuren. Wakongo 267 walisafirishwa kwenda kuonyeshwa mbele ya umati; saba kati yao walifia huko na makaburi yao yapo hadi leo. Ndani ya jumba la maonyesho, fundi Georges Hobé alijenga nguzo na matao ya bilinga, mti wa manjano ambao wataalamu huuita Nauclea diderrichii, ili wafanyabiashara waone kwa macho yao mbao za Kongo zinaweza kufanya nini. Kutokana na maonyesho hayo likazaliwa jumba la makumbusho, na mwaka 1898 ukaanzishwa mkusanyo wa sampuli za mbao. Shabaha ilikuwa biashara: mti upi unafaa kwa reli, upi kwa meli, upi kwa samani.

Mkusanyo huo ulikua ukawa mmoja wa mikubwa zaidi duniani, wenye sampuli zaidi ya 57,000 za spishi zaidi ya 13,000 kutoka mabara yote. Kilichoupa nguvu si wingi tu. Kipande cha mti kisicho na jani wala ua kinaweza kupewa jina lolote na mtu yeyote, na hakuna wa kumsahihisha. Kipande kilichokatwa kwenye mti ambao majani na maua yake yamekaushwa, yakapewa namba na kutunzwa katika hebaria, hicho ni ushahidi. Sampuli nyingi za Kongo zilipata ushahidi huo kupitia Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC kilichoanzishwa mwaka 1933 kando ya mto Kongo, ambako wataalamu wa mimea walipanda miti, wakakusanya majani na mbao kwa pamoja, wakiongozwa msituni na watu ambao majina yao ni machache sana yaliyofika vitabuni. Kati ya 1955 na 1963 Lucien Lebacq akachapisha atlasi ya anatomia ya mbao za Kongo ya Wabelgiji, buku baada ya buku, picha za hadubini za mti mmoja mmoja.

Kwa hiyo makumbusho moja ilikuwa na hazina mbili. Upande mmoja sanamu, ngoma na vijaluba ambavyo miti yake haijulikani. Upande mwingine mbao zenye majina kamili ambazo hazikuwa sanamu. Zilikaa pamoja kwa zaidi ya nusu karne kabla mtu hajafanya kazi nzito ya kuziunganisha.

Mtu huyo alikuwa Roger Dechamps, mtaalamu wa anatomia ya mbao hapohapo Tervuren. Katika miaka ya 1970 alichapisha mfululizo wa makala katika jarida la Africa-Tervuren kuhusu miti iliyotumika kuchonga sanamu za Afrika. Alichukua vibanzi vidogo, akavikata vipande vyembamba, akavilinganisha na sampuli zilizokuwa na majina. Majina yaleyale yakaanza kujirudia: Ricinodendron, Alstonia, Vitex, Crossopteryx. Ilionekana wazi kwamba wachongaji hawakuwa wakiokota mti wowote ulioanguka karibu. Ricinodendron ni mwepesi sana. Anayecheza akiwa na kinyago usoni usiku kucha anajua faida yake. Crossopteryx ni mti mdogo wa savana wenye mbao ngumu, unaofaa sanamu ndogo zenye michoro midogomidogo. Elimu iliyodharauliwa kwenye orodha ilikuwa imeandikwa ndani ya vitu vyenyewe.

Kuisoma kunahitaji kujua mti umejengwaje. Ukilikata gogo kwa kukingama, kwenye ncha yake utaona matundu: hiyo ni mishipa iliyopandisha maji kutoka mizizini. Mti mmoja una matundu makubwa machache, mwingine madogo mengi. Mengine yamekaa peke yake, mengine mawilimawili au kwa mistari. Kutoka katikati kwenda kwenye gome hupita miale, myembamba au minene. Kuzunguka mishipa kuna tishu laini ya kuhifadhi chakula cha mti, nayo hujipanga kwa namna ambayo jamii moja ya miti huirithi kizazi hadi kizazi: utepe, bawa, jicho. Mvule huonyesha mabawa yanayoungana kuwa mawimbi, na mara nyingine ndani yake hujificha vipande vya chokaa ngumu kama jiwe, ambavyo kila mwenye msumeno wa Komanda au Mambasa amewahi kuvilaani. Sehemu nyingine za elimu hii zinapatikana kwenye nyuso mbili zaidi, ukipasua gogo kwa kufuata mwale, kisha kwa kukata mwale. Ndiyo maana mtaalamu huomba nyuso tatu. Mwaka 1989 chama cha kimataifa cha wataalamu wa anatomia ya mbao, kilichoundwa mwaka 1931, kilitoa orodha ya alama 163 za kutambulisha mbao ngumu, na orodha hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo kuanzia Madison, Marekani, hadi Kyoto, Japani.

Nguvu ya elimu hii dunia iliijua mahakamani. Mtoto wa rubani Charles Lindbergh alipoibwa huko Marekani mwaka 1932, mwizi aliacha ngazi ya mbao. Arthur Koehler, wa maabara ya mazao ya misitu ya Madison, aliichambua ngazi ile ubao kwa ubao, akataja miti yake, akafuata alama za randa ya kiwandani hadi kwenye duka lililouza sehemu ya mbao. Mwaka 1935 alisimama kizimbani akiwa shahidi, na mbao ikakubaliwa kuwa ushahidi dhidi ya mshtakiwa.

Koehler alikuwa na ruhusa ya kuipasua ngazi. Mtunza makumbusho hana ruhusa hiyo juu ya kichwa cha Kimangbetu. Njia ya Dechamps, hata ikichukua kibanzi kidogo kuliko kiberiti, inaondoa kitu ambacho hakirudi, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo watunzaji walivyozidi kukataa. Nakubaliana nao. Kitu kilichochukuliwa kwa nguvu au kwa bei ya chumvi, kikahamishwa bara zima, hakistahili kukatwa tena ili tu tujue jina la mti wake. Lakini kukataa kukata bila kutafuta njia nyingine kungekuwa kuliacha neno lile moja, mbao, likae milele.

Njia ya kwanza ni kuangalia kwa subira. Kigoda kina chini yake. Sanamu ina kitako, na kitako mara nyingi ndiyo ncha ya gogo, mahali ambapo matundu yanaonekana. Ufa wa zamani, sikio lililovunjika, shimo la mdudu: kila jeraha ambalo kitu kimekuja nalo ni dirisha. Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, taa ya pembeni na mkono uliotulia vinatosha kutambua kundi la mti mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Siku hizi kuna hadubini ndogo za kidijitali zinazoangaza uso wa kitu na kupiga picha bila kukigusa.

Kikwazo ni ngozi ya kitu. Vitu vya watu wetu viliishi. Vilipakwa mawese, vikapakwa ngola nyekundu, vikakaa juu ya moto vikala masizi, vikashikwa na mikono ya wengi hadi vikang'aa. Baadaye makumbusho zikaongeza tabaka zake: dawa za wadudu, nyingi zikiwa na aseniki au DDT, zikapulizwa ghalani miaka na miaka. Ndiyo maana anayechunguza vitu hivi leo huvaa glavu. Tabaka la kwanza ni historia ya kitu na hakuna mwenye haki ya kulifuta. La pili ni sumu. Chini yake matundu yamezibika.

Hapo ndipo eksirei inapoingia. Tomografia, ile inayotumika hospitalini kuangalia ndani ya mwili, hupiga kitu picha nyingi kikizungushwa, kisha kompyuta hujenga umbo lake zima la ndani, unaloweza kulipasua kwenye skrini upande wowote huku kitu chenyewe kikiwa kizima. Chuo Kikuu cha Ghent kina kituo cha tomografia ya usahihi mkubwa, na wataalamu wake wa mbao wamefanya kazi kwa miaka mingi na wenzao wa Tervuren, akiwemo Hans Beeckman aliyeongoza elimu ya mbao katika makumbusho hiyo. Nyuso tatu ambazo zamani zilidai wembe sasa zinapatikana kwa mwanga usioonekana.

Ila mashine ina mpaka wake, na mpaka huo ni wa hesabu. Kioo cha kunasia picha kina nukta zipatazo 2,000 kwa upana. Kitu cha sentimita 10 kikijaa kwenye picha, kila nukta inabeba milimita 0.05. Hapo mishipa ya miti mingi ya msituni, ambayo ina upana wa milimita 0.1 hadi 0.3, inaonekana vizuri. Ngoma ya sentimita 60 ikijaa kwenye picha hiyohiyo, nukta moja inabeba milimita 0.3: mshipa mzima unamezwa ndani ya nukta. Vitobo vidogo vya kuta za seli, ambavyo ndivyo hutenganisha ndugu na ndugu katika jamii moja, hata picha ile nzuri haivioni. Kwa hiyo kitu kikubwa hulengwa sehemu moja tu, pembe au mguu, na sehemu hiyo huchunguzwa kwa ukaribu. Japani, wataalamu wa Kyoto waliokabiliwa na sanamu za kale za Buda wamechukua njia nyingine ya heshima: wametumia vibanzi vilivyodondoka vyenyewe wakati wa ukarabati, vidogo kabisa, wakavipitisha kwenye mionzi yenye nguvu ya mtambo wa SPring-8.

Matokeo ya njia hizi zote mara nyingi huishia kwenye jenasi, siyo spishi. Wapo wanaovunjika moyo hapo. Mimi sioni sababu. Kusema kifuniko hiki ni cha Ricinodendron, au kwamba ngoma hii yenye mpasuo imechongwa kwenye Pterocarpus, mti mwekundu uleule unaotoa unga wa ngola, ni kurudisha sehemu kubwa ya mawazo ya fundi. Na picha ya ndani huleta habari nyingine ambazo hakuna aliyezitafuta. Nyufa zilizojificha huonyesha kama mti ulichongwa ukiwa mbichi. Moyo wa gogo ukionekana umekwepwa, unajua fundi alijua mahali mti hupasukia. Mwanaanthropolojia Enid Schildkrout na mwanahistoria Curtis Keim, walioandika kitabu kuhusu sanaa ya eneo hili mwaka 1990, walionyesha kwamba vichwa vya binadamu katika sanaa ya Kimangbetu viliongezeka sana wageni walipokuja na kuviagiza. Je, agizo la mgeni lilichongwa kwenye mti uleule wa zamani, au kwenye ule uliokuwa karibu siku hiyo? Mbao inaweza kulijibu swali hilo, na sijui shahidi mwingine anayeweza.

Gome ni habari nyingine. Atlasi za dunia zimejaa mbao, magome yamesahaulika. Vijaluba vya Wamangbetu na nguo za gome za Wambuti, zile zilizopondwa kwa nyundo za pembe za ndovu na kuchorwa na wanawake kwa vidole na vijiti, vinasubiri mkusanyo wa magome wenye ushahidi wa majani.

Mkusanyo wa namna hiyo hauwezi kuanzia Ulaya. Unaanzia mahali miti ilipo, na hapa simulizi linarudi Ituri. Mwaka 1994, huko Epulu ndani ya hifadhi ya okapi iliyoundwa mwaka 1992, watafiti waliokuwa wakifanya kazi na mwanaikolojia Terese Hart walianza kupima msitu kwa namna ambayo haikuwahi kufanyika katika eneo letu: hekta 40, Lenda na Edoro, kila shina kuanzia unene wa sentimita 1 likapimwa, likapewa namba na jina. Lenda ni msitu wa mbau, Gilbertiodendron dewevrei, unaotawala mahali pake karibu peke yake. Edoro ni mchanganyiko. Majina ya kisayansi yalitafutwa kwa kupanda juu kuchuma majani. Lakini wa kwanza kutofautisha mti na mti chini pale, kwa gome, kwa utomvu, kwa harufu ya mkato wa panga, walikuwa Wambuti na Wabira wa kijijini.

Vita vikaja. Mwaka 1996 vya kwanza, 1998 vya pili, na kuanzia 1999 Ituri ikaingia katika mauaji yaliyofika Bunia yenyewe, hadi majeshi ya Ulaya yakatua mjini Juni 2003. Watafiti wa kigeni waliondoka Epulu. Mtaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki. Alificha hebaria ya hifadhi, kompyuta na takwimu za miaka mingi ya upimaji ili wenye silaha wasiviharibu. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Watu wengi waliosoma habari zake waliona shujaa wa okapi na wa msitu, nao hawakukosea. Kwa anayejali mbao za kale kuna jambo la ziada: majani makavu yaliyofichwa siku zile ni ufunguo wa kusomea vijaluba vilivyoko New York na Tervuren. Bila jani lenye jina, picha nzuri kuliko zote ya eksirei inabaki kuwa picha ya matundu.

Tangu hapo mambo yamekwenda kwa kasi. Yangambi imepata maabara yake ya biolojia ya mbao, ndani ya Kongo. Mwaka 2023 Tervuren ilitoa hadharani picha za ncha za mbao za spishi zaidi ya 900 za Kongo, zilizopigwa kwa ubora mkubwa ili watu na kompyuta wajifunze kutofautisha. Mahitaji ya biashara ndiyo yaliyosukuma sehemu kubwa ya kazi hiyo, kama mwaka 1898, ingawa safari hii shabaha ni kuzuia. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022 uliweka Khaya, Afzelia na Pterocarpus zote za Afrika chini ya uangalizi, na mwenye kusimamia sheria mpakani lazima ajue anachokitazama. Malori yanayopakia mbao Mambasa na Komanda, yakapita kwetu Bunia kuelekea Mahagi na Uganda, yanabeba kile ambacho soko linakiita libuyu, nalo jina hilo linafunika miti kadhaa ya jamii ya mahogani. Mwenye lenzi anaweza kuanza kuigawa: Entandrophragma kwa kawaida huonyesha tepe za tishu laini zinazokingama, Khaya haina.

Upande wa vitu vya kale, Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilikabidhi kwa Kinshasa orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyo Tervuren, na Julai mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kurejesha vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Orodha hiyo ninaifikiria kila ninapopita mbele ya karakana za maseremala wetu. Mahali palipoandikwa mbao panaweza kujazwa. Kujazwa huko kukifanyika Ulaya peke yake, tutapata majina ya Kilatini, nayo ni ya lazima. Lakini mzee wa Kibira au wa Kibudu akionyeshwa picha ya kigoda na kuambiwa mti wake, ataweza kusema mambo ambayo hakuna mashine inayoyajua: mti huo hukatwa na nani, haukatwi lini, unachongwa ukiwa umelala siku ngapi, ni nani haruhusiwi kuukalia. Wazee hao bado wapo Mambasa, Mungbere na Wamba. Hawatakuwepo siku zote.

Kazi ya kwanza haihitaji eksirei. Inahitaji kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja kutoka kila mti unaochongwa au kupasuliwa katika mkoa huu, na kipande cha gome lake, na tawi lenye majani na ikiwezekana maua au tunda kutoka mti huohuo, na jina lake kwa Kibira, Kilendu, Kialur, Kibudu, Kimbuti na Kiswahili, na maneno ya aliyeutaja yakirekodiwa kwa sauti yake. Inahitaji wembe wa kusafishia ncha, lenzi, kabati kavu isiyofikiwa na mchwa, na mwanafunzi mvumilivu. Chuo kikuu tunacho hapa Bunia. Mbao zinapita mbele ya milango yetu kila wiki. Mkusanyo wa namna hiyo ukianza hapa, siku picha ya ndani ya kijaluba cha Medje itakapofunguliwa kwenye skrini, gome lake litakuwa na kitu cha kulinganishwa nacho, na aliyeketi mbele ya skrini hiyo anaweza kuwa mtu wa Ituri.